Pilau ya Desemba: Kipi Ununue Matibabu ya Saratani Yakishaisha

Ukurasa wa kwanza wa daftari la shangazi yangu una sentensi moja tu, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Desemba nipike pilau ya harusi kwa mikono yangu." Aliiandika mbele ya mtaalamu wa fiziotherapia, aliyemuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza tangu augue: "Mama, ukishatoka hapa unataka kufanya nini?" Madaktari walimuuliza anaumwa wapi. Sisi ndugu tulimuuliza kama amekula. Huyu alimuuliza anataka nini, na shangazi alikaa kimya muda mrefu kabla ya kuomba kalamu.

Shangazi ni mama lishe, anaishi Dodoma. Aliondolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani, akamaliza dripu za kemo, kisha akakaa Dar es Salaam wiki kadhaa akipigwa mionzi Taasisi ya Saratani Ocean Road. Siku ya mwisho ya mionzi tulipiga picha, tukamshukuru Mungu, na kundi la michango la familia kwenye WhatsApp likanyamaza. Kila mmoja aliona kazi imekwisha. Mimi ndiye niliyekuwa natunza hesabu, na nilipokaa kuandika matumizi ya mwezi uliofuata nikakuta orodha ndefu kuliko ya mwezi uliopita: vidonge vya kila siku, nauli za kliniki, kitu cha kuvaa kifuani, mkono ulioanza kuvimba, na watu watatu tofauti wanaomletea dawa za lishe. Pesa iliyobaki isingetosha hata nusu ya hayo.

Ikabidi tuchague. Naandika tulivyolinganisha kwa sababu najua ziko familia nyingi zilizofika hapo hapo, zikiwa na pesa kidogo na washauri wengi. Dawa gani mgonjwa atumie ni uamuzi wake na daktari wake. Mimi nazungumzia mfuko, na mfuko wetu tuliupima kwa ile sentensi ya pilau.

Tulianza na vidonge. Saratani ya shangazi ni ya aina inayolishwa na homoni, kwa hiyo anameza tamoksifeni miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, na ameshaambiwa huenda ikafika 10. Miaka 5 ni vidonge 1,826. Ukitajiwa bei ya kidonge dirishani, zidisha kwa 365 kabla hujaitikia. Tofauti ya shilingi 100 kwa kidonge kati ya famasi mbili za mtaa mmoja ni shilingi 36,500 kwa mwaka. Angalia na nguvu ya kidonge: vipo vya miligramu 10, vinavyohitaji viwili kwa siku, na pakiti iliyoonekana rahisi inaisha ukiwa bado nusu ya mwezi. Tamoksifeni ni dawa ya zamani, inatengenezwa na viwanda vingi, na imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Sikuona sababu ya kulipia jina la kiwanda. Tuliulizia yenye usajili wa mamlaka ya dawa, TMDA, tukatazama tarehe ya kuisha muda, na tukawa tunanunua ya miezi 3 kwa mpigo ili kupunguza safari.

Jirani mmoja alitushauri tuhamie anastrozoli, akisema ndiyo bora zaidi. Ni kweli kwa wanawake ambao ovari zao zimeshaacha kazi. Kwao inazuia saratani kurudi vizuri kidogo kuliko tamoksifeni. Lakini ina gharama zinazoifuata nyuma. Inapunguza uimara wa mifupa, kwa hiyo kuna kipimo cha mifupa, kuna kalisi na vitamini D, na wapo wanaosumbuliwa na viungo kiasi cha kushindwa kufunga vifungo vya nguo. Tena mwanamke ambaye hedhi yake imekatika kwa sababu ya kemo anaweza kuwa na ovari zilizolala tu, na zikiamka kidonge hicho peke yake hakimsaidii. Tamoksifeni nayo ina yake. Kwa wachache huleta damu kuganda miguuni au saratani ya mfuko wa uzazi, ndiyo maana mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu asiseme ni uzee, aende hospitali wiki hiyo hiyo. Na anayetumia dawa za sonona kama paroksetini au fluoksetini amwambie daktari, maana hizo huidhoofisha tamoksifeni.

Kilichonifanya niweke vidonge juu ya kila kitu ni jambo alilokiri shangazi mwezi wa pili. Nilihesabu pakiti, nikaona vimebaki vingi mno. Akainamisha uso. "Nilikuwa nameza kimoja kwa siku mbili, mwanangu, ili viende mbali." Alikuwa anatuonea huruma. Sisi siku ileile tulikuwa tumemlipia mtu kopo la unga wa majani. Kuanzia hapo hesabu ya nyumba ikawa hivi: pesa ya vidonge vya miezi 3 inatolewa kwanza na kuwekwa kando, kama kodi ya nyumba, ndipo mengine yajadiliwe.

Mkono ndio uliotuchukulia muda na mawazo mengi, na ndio uliosimama kati yake na ile pilau.

Tezi za kwapani zikitolewa na eneo likapigwa mionzi, maji ya mwili yaliyokuwa yakipita njia hiyo hukosa pa kupita, na mkono huvimba. Unaweza kuanza baada ya miezi michache au baada ya miaka. Wa shangazi ulianza na bangili iliyogoma kutoka. Mtu mmoja akamuuzia dawa za kukojoza. Hizo hazitibu uvimbe wa namna hii. Njia zenye kazi ni chache na bei zake hazifanani.

Ya kwanza ni soksi ya mkono inayobana. Inapimwa kwa futi ya fundi kwenye kiganja, kifundo, kiwiko na juu ya mkono, inavaliwa mchana na kuvuliwa usiku. Mpira wake hulegea baada ya miezi 6 hivi, na mvaaji anahitaji mbili ili moja ikifuliwa avae nyingine. Kwa hiyo anayelinganisha bei alinganishe soksi 4 za mwaka, asidanganyike na bei ya moja. Zile za wanamichezo zinazouzwa bila kupimwa ni rahisi sana, lakini zikibana kifundoni na kulegea juu zinasukumia maji vidoleni, na mkono unakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa.

Ya pili ni bandeji za tabaka kadhaa, kwa mkono uliokwisha kuvimba sana. Zinafuliwa na kurudiwa, kwa hiyo pesa yake inakwenda mbali. Tatizo ni kwamba lazima ziwe zile zisizovutika sana, na lazima mtu wa nyumbani afundishwe kuzifunga. Bandeji ya kawaida ya famasi, ile inayovutika kama mpira, haifanyi kazi hiyo.

Ya tatu ni mazoezi, na hayana bei.

Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo. Nilidhani fedha nyingi inapaswa kwenda kwa fiziotherapia, shangazi apelekwe mara mbili kwa wiki mwaka mzima. Yule mtaalamu mwenyewe ndiye aliyetuzuia. Alisema tulipie vipindi vichache vya kufundishwa, kisha kazi ifanyike nyumbani, arudi kukaguliwa. Tukalipia vipindi hivyo, shangazi akiwa na binti yake ili wajue wote wawili. Pesa iliyobaki ikanunua soksi moja iliyopimwa, na ya pili mwezi uliofuata.

Zoezi la kwanza lilikuwa kutambaza vidole ukutani. Anasimama akitazama ukuta, anapandisha vidole polepole hadi pale bega linapokataa, binti yake anachora mstari kwa chaki na kuandika tarehe. Mstari wa kwanza ulikuwa usawa wa kidevu.

Zoezi la kunyanyua uzito ndilo lililoleta ubishi nyumbani, maana tumekua tukisikia kwamba mkono wa aliyetolewa tezi haubebi kitu tena maisha. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa wanawake 141 waliokwisha kuwa na uvimbe huo. Waliofundishwa kunyanyua vyuma mara 2 kwa wiki, kwa kuanza na uzito mdogo kabisa na kuvaa soksi ya kubana, uvimbe uliwazidia asilimia 14 tu yao. Kati ya wale ambao hawakufanya, uliwazidia asilimia 29 yao. Tena walianza chini ya usimamizi, na uzito uliongezwa kidogo kidogo pale mkono ulipokubali. Shangazi hana vyuma. Ana chupa za maji: ya nusu lita ni nusu kilo, ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu. Gharama yake ilikuwa kuyanywa maji yaliyokuwamo.

Kutembea pia hakuna tiketi. Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2019 kwa waliopata saratani yanataja nusu saa ya mwendo wa kuchangamka mara 3 kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara 2. Na mwaka 2025 ulitoka utafiti wa watu 889 waliotibiwa saratani ya utumbo mpana: walioshikwa mkono na mwalimu wa mazoezi kwa miaka 3, asilimia 80.3 walikuwa bila ugonjwa baada ya miaka 5, dhidi ya 73.9 ya waliopewa vijitabu tu. Hiyo ni saratani nyingine, sitaki mtu aichukue ahadi hiyo kuipeleka titini. Ila nikiwekewa mezani kopo la unga na jozi ya raba za kutembelea, najua nitalipia kipi.

Kwa mama lishe kuna jambo jingine linalopuuzwa. Ngozi ya mkono uliovimba ikikatwa au kuungua, vijidudu hupenya upesi, mkono unakuwa mwekundu na wa moto, na hapo kuna antibiotiki na pengine kulazwa. Kwa hiyo glovu nene za jikoni na mwiko mrefu zimo kwenye hesabu yetu upande wa matibabu, na nadhani ndizo shilingi zilizofanya kazi kubwa kuliko zote.

Kuhusu kifua, kila mwanamke ana moyo wake na hakuna jibu la wote. Upo upasuaji wa kujenga titi upya: ni gharama kubwa, ni kidonda kingine, na ni miezi mingine ya kukaa bila kazi, kwa hiyo shangazi aliufuta siku ya kwanza. Lipo titi bandia la silikoni, lenye uzito unaokaribia wa kweli, linalokaa vizuri chini ya gauni na kwa kawaida hudumu kama miaka 2. Yapo ya kusuka kwa uzi wa pamba. Thika, nchini Kenya, yuko fundi aliyepitia saratani mwenyewe anayesuka hayo na kuyauza kama shilingi 1,500 za Kenya, wakati la silikoni huko linafika kama 22,000. Gawanya kwa miezi: la silikoni likidumu miaka 2 ni kama shilingi 917 kwa mwezi, la uzi, hata likichakaa kwa miezi 6, ni 250. La uzi ni jepesi, kwa hiyo sidiria hupanda upande mmoja usipoongeza kitu kidogo cha uzito ndani. Wapo wanaoshona kifuko cha kitambaa na kujaza mtama au ulezi. Kinakaa vizuri, lakini jasho hukivundisha, na nafaka ibadilishwe mara kwa mara kabla wadudu hawajaingia. Na ipo njia isiyo na gharama yoyote, ya kukaa bila kuvaa kitu, ambayo ni ya heshima sawa na nyingine zote.

Sidiria maalumu zenye mfuko zina bei ya kuumiza. Usizinunue kabla hujaonana na fundi cherehani. Wetu alishona mfuko wa pamba ndani ya sidiria 3 alizokuwa nazo shangazi, mchana mmoja. Ila subiri kidonda kipone kabisa, na ngozi iliyopigwa mionzi itulie.

Ushauri huo wa kumwona fundi shangazi aliupata kwenye kikundi cha wanawake waliopitia alikopitia yeye, wanaokutana nyumbani kwa mmoja wao. Gharama yake ni nauli ya bodaboda. Huko ndiko alikosikia kwa mara ya kwanza watu wakizungumza wazi kuhusu ukavu ukeni unaoletwa na matibabu, kwamba kuna vilainishi vya maji vinavyouzwa famasi na kwamba krimu zenye homoni asizitumie bila daktari wake kujua. Miezi yote ile hakuna mhudumu aliyemgusia, na sisi watoto tusingeweza. Walioko Nairobi wana Faraja Cancer Support Trust, iliyoanza mwaka 2010, inayotoa ushauri nasaha na huduma nyingine za faraja kwa wagonjwa bila malipo.

Safari za kliniki tulizipigia hesabu kwa karatasi. Miaka 3 ya mwanzo mgonjwa huitwa kila baada ya miezi 3 hadi 6, yaani safari kati ya 6 na 12. Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam ilitangazwa kuwa shilingi 31,000. Basi la daraja la kawaida, kwa kiwango cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha Desemba 2023 cha shilingi 48.47 kwa kilomita, kwa barabara ya kilomita kama 450, linakuja kwenye 21,800. Watu wawili kwenda na kurudi: treni 124,000, basi 87,200. Kwa haraka basi limeshinda.

Lakini kwa nini watu wawili? Kwa sababu kwenye basi tulikuwa hatumwachi peke yake: kutwa nzima barabarani, kushuka porini kujisaidia, kupigania kiti, begi. Treni ni saa 4 au pungufu, na choo kimo ndani. Safari ya tatu alisema ataenda mwenyewe. Mtu mmoja kwa treni kwenda na kurudi ni 62,000, na hapo basi la watu wawili ndilo lililokuwa ghali. Binti yake naye hapotezi siku za kazi. Shangazi alirudi jioni ile ana uso ambao sikuwa nimeuona tangu kabla ya ugonjwa.

Mkiwa kliniki kuna pesa nyingine ya kuokoa. Mtu alituambia tumfanyie kipimo cha mwili mzima na vipimo vya damu vya saratani kila baada ya miezi michache, tuwe na amani. Miongozo ya wataalamu inasema, kwa mwanamke aliyemaliza matibabu ya saratani ya matiti na hana dalili, kinachohitajika ni kukaguliwa na daktari na mamografia ya titi lililobaki kila mwaka. CT na vipimo vya alama za saratani kwenye damu, vikifanywa bila dalili, havijaonekana kurefusha maisha, na mara nyingi vinaokota vitu visivyo vya hatari na kumnyima mtu usingizi. Dalili zikitokea mambo yanabadilika. Maumivu ya mfupa yasiyokoma, kifua kubana, kichwa kuuma kila siku, uvimbe mpya: hapo usihesabu nauli.

Nimeacha dawa za lishe mwisho kwa sababu bado zinanichoma. Wauzaji walikuja wakiwa na maneno matamu na picha za watu waliopona. Mmoja alileta unga wa majani ya mstafeli. Hakuna utafiti kwa binadamu unaoonyesha kuwa mstafeli unaponya saratani, na katika visiwa vya Guadeloupe, ambako watu huutumia sana, watafiti wameuhusisha na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson. Kopo moja lilikula pesa ambayo ingenunua trei za mayai, dagaa na maharage ya wiki nyingi, na mwili unaojenga misuli unahitaji hizo protini. Simlaumu shangazi. Mtu aliyeambiwa "rudi baada ya miezi 3" na kuachwa na hofu yake atafungua mlango kwa yeyote anayebisha hodi na tumaini mkononi. Tulichofanya ni kukubaliana kwamba kitu chochote kipya kinapigwa picha na kupelekwa kwa mfamasia wa kliniki kabla ya pesa kutoka.

Mwezi wa 8 mstari wa chaki ulipita utosi wake, na chupa ya lita moja na nusu ikawa inapanda mara 10 bila mkono kujaa. Nikakaa naye tuhesabu sufuria. Lile la shughuli ni la lita 40. Likijaa linapita kilo 40. Nikamwambia kwa woga kwamba pengine Desemba hii haitawezekana, tuandike lengo jingine.

Alifungua ukurasa wa kwanza akanisogezea. "Soma hapo. Nimeandika kubeba, au nimeandika kupika?"

Basi tumeazima sufuria mbili za lita 20, na wajomba wawili wameshaambiwa kazi yao ni kunyanyua na kuepua. Mwiko mrefu upo, glovu zipo. Kilichobaki ni moto. Mkaa ndio aliouzoea, lakini lile joto la ghafla linaloletwa na tamoksifeni humkuta hapo hapo jikoni, akalazimika kukimbilia nje kwenye mtungi wa maji. Gesi haina joto kali hivyo, ila anasema pilau ya gesi haikauki sawasawa. Jumapili anajaribu mchele kilo 5 kwenye jiko la gesi la jirani, na mkaa kidogo juu ya mfuniko.